Fuata namba mpaka ilikozaliwa

Sura ya pili ya tasnifu nyingi huharibiwa na sentensi kama hii: "Udumavu (urefu mdogo kuliko umri) kwa watoto wa Tanzania uliongezeka kutoka asilimia 38 mwaka 2004–05 hadi asilimia 42 mwaka 2010." Namba zote mbili zimo kwenye ripoti halali za taifa. Hitimisho ndilo si kweli.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto, maarufu kama TDHS, wa 2004–05 ulilinganisha urefu wa watoto na kipimo cha zamani kilichotokana na watoto wa Marekani. Aprili 2006 Shirika la Afya Duniani likatoa viwango vipya, vilivyojengwa kwa vipimo vya watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Utafiti wa 2010 ukatumia hivyo vipya. Takwimu za 2004–05 zikikokotolewa upya kwa viwango hivyo, 38 inakuwa 44. Maana yake udumavu ulishuka kidogo, 44 hadi 42, kisha 34 mwaka 2015–16 na 30 mwaka 2022. Aliyeokota 38 kwenye tasnifu ya mwanafunzi aliyemtangulia hana namna ya kuligundua hilo. Aliyefungua ripoti na kusoma namna vipimo vilivyochukuliwa, analiona.

Kwa hiyo ukikutana na takwimu, usiulize kwanza nani kaitaja. Uliza nani alipima, alipima nani, lini, na kwa kipimo gani. Angalia pia mwaka: TDHS ya 2015–16 ripoti yake ilitoka Desemba 2016, na ukiandika "mwaka 2016 udumavu ulikuwa…" umechanganya mwaka wa kuchapa na mwaka wa kupima. Tena usiunganishe namba za tafiti mbili tofauti kwenye mstari mmoja wa grafu. Utafiti wa taifa wa lishe wa 2018 ulipata asilimia 31.8, ni namba nzuri, lakini mtangulizi wake ni utafiti wa lishe wa 2014, si TDHS.

Kutafuta kwenyewe kunaanza kwenye daftari. Andika swali lako kwa sentensi moja, pigia mstari maneno yenye uzito, kisha kwa kila neno andika mengine mawili au matatu ambayo watafiti huyatumia kumaanisha kitu hichohicho. Majarida mengi ya afya ni ya Kiingereza, hivyo anayetafuta "stunting" (udumavu) peke yake atakosa makala zilizoandika "linear growth" au "chronic undernutrition". Weka alama za kunukuu kwenye maneno yanayotakiwa kukaa pamoja, na OR kwa herufi kubwa kati ya maneno mbadala. Kwa nyaraka za serikali, andika site:nbs.go.tz, tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mbele ya maneno yako kwenye Google, na filetype:pdf ukitaka ripoti tu.

Kwenye Google Scholar, faida kubwa iko chini ya kila tokeo. Kuna kiungo kinachoonyesha kazi zilizoinukuu makala hiyo: kibonyeze, maana marejeleo ya makala hukurudisha nyuma, lakini kiungo hiki hukupeleka mbele hadi tafiti za karibuni. Pembeni yake kuna cha matoleo yote. Mara nyingi nakala ya bure imelala humo, kwenye hazina ya chuo fulani. Ukigonga ukuta wa malipo, usilipe. Muulize mkutubi kama chuo chako kimeingia kwenye Research4Life, mpango unaofungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia. Majarida ya Afrika yatafute AJOL, tovuti inayoyakusanya, ambako makala nyingi hupakuliwa bila malipo.

Kuhusu majarida ya kitapeli: dalili ni ahadi ya kuchapa ndani ya siku chache, jina linalofanana na jarida kubwa, mada zinazoanzia kilimo hadi upasuaji, na wahariri wasio na anwani ya chuo chochote. Jarida linalotoa makala bure litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa. Kukosekana humo si hukumu, ila ni sababu ya kuuliza zaidi. Hakikisha pia makala haijafutwa, yaani jarida halijatangaza kwamba si ya kutegemewa tena. Ile ya Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa 2010, na bado inasomeka mtandaoni.

Programu za akili bandia hutunga marejeleo yenye majina ya watafiti wa kweli na vichwa visivyopata kuandikwa. Kila rejeleo lililotoka huko liandike DOI yake, namba ya kudumu ya makala, kwenye doi.org. Isipofunguka, au ikifungua makala nyingine, lifute mpaka utakapoiona makala yenyewe kwa macho yako.

Ukipakua, hifadhi. Mapema 2025 programu ya DHS, inayosaidia nchi kufanya tafiti kama TDHS, ilisimamishwa Marekani ilipokata fedha za USAID, shirika lake la misaada, na watu wakakumbuka kwamba tovuti si kabati lao. Lipe faili jina lenye taasisi au mwandishi, mwaka na mada, na pembeni ya kila namba unayonakili andika ukurasa na namba ya jedwali siku hiyohiyo. Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ni ya bure, lakini haitakuandikia ukurasa uliousoma.

Takwimu za wilaya zina shida yake. Zile za vituo vya afya zinahesabu watoto waliofika kliniki. TDHS huwafuata kwenye kaya, hata ambao hawajafika kliniki. Mkoa wa Iringa, ambao TDHS ya 2022 iliupa karibu asilimia 57, unaweza kuonekana tofauti kabisa kwenye daftari la zahanati, na hakuna aliyedanganya. Taja kila namba na mahali ilipotoka, usizipatanishe kwa nguvu. Na barua ya utambulisho ya chuo iombe mapema, kwa sababu hupita ofisi ya mkoa na ya wilaya kabla mganga mkuu hajakufungulia daftari.