Siku moja maishani mwangu: meza ya biro (ofisi) ya utalii, Lubumbashi

Saa 1:30 asubuhi

Mlango bado umefungwa. Kazi ya kwanza ni simu, kabla mgeni yeyote hajafika. Daftari la meza lina mistari sita isiyobadilika: makumbusho, bustani ya wanyama, uwanja wa ndeke (ndege) wa Luano, mpaka wa Kasumbalesa, njia ya Likasi, umeme wa mtaa. Mbele ya kila mstari huandikwa jibu, saa tuliyopiga, na cheo cha aliyejibu: mlinzi, karani, dereva. Jibu lisilo na saa tunalifuta.

Sababu ni hii. Mgeni anayerudi na hasira mara chache husema "hamkujua". Husema "mlituambia pako wazi, tukakuta kufuli". Kutojua anasamehe, kupotezewa nusu siku na pesa ya teksi hasamehi. Karatasi ya bei iliyobandikwa ukutani miezi minane ni adui wa biro kuliko kiti kitupu. Ndiyo maana bei zetu zinaandikwa kwa kalamu ya risasi, tarehe pembeni.

Kwa Kasumbalesa tunampigia dereva wa basi aliyetoka huko alfajiri, si mtu wa ofisini. Ni kilomita kama 90 tu, lakini hiyo ndiyo njia ya malori ya shaba kwenda Zambia, na foleni ikisimama, kilomita hazina maana. Safari ya mpakani mgeni anapewa kwa saa, na saa hizo zinatoka kwa dereva wa leo.

Saa 2:00

Tunafungua. Na hapa hapa kuna mtego: tukisema saa mbili, mgeni wa Dar es Salaam au Mombasa anaelewa bila shida, ila aliyezoea Kifaransa akiandikiwa "2h" atawaza usiku wa manane. Kwenye karatasi ya mgeni tunaandika zote mbili, "saa 2 asubuhi, 8h00". Herufi chache zaidi, ugomvi mwingi pungufu.

Saa 2:40

Wanaingia waliolala mjini baada ya kutoka Kinshasa. Nchi yetu ina majira mawili ya saa: Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa 1. Kila mtu anaijua habari hii na bado inawaangusha watu, kwa kuwa simu iliyowekewa saa kwa mkono hubaki Kinshasa hata mwenyewe akishafika Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi. Tiketi ya kurudi inaandikwa kwa saa ya Luano. Mtu anatazama simu, anaona ana muda wa chai, na ndeke inafunga milango.

Haitoshi kumwambia. Mwambie aweke simu mezani, uitazame pamoja naye kando ya saa ya ukutani. Kisha muulize kama malipo ya Go-Pass, yaani kodi ya uwanja wa ndeke, yameingia kwenye tiketi yake au yatadaiwa uwanjani. Aisome tiketi mwenyewe, usimjibie.

Saa 3:30

Pesa. Hapa ndipo meza inafanya kazi yake kubwa ya asubuhi, ingawa hakuna kijitabu cha utalii kinachoeleza.

Dola inapokelewa mjini kote, lakini si kila dola. Mgeni akitoa noti ya 100, tunailaza juu ya karatasi nyeupe na kupitisha kidole kwenye kingo zote nne. Halafu tunaiinua kuelekea dirishani, tukitafuta mpasuko kwenye mkunjo wa katikati, maana ndipo unapojificha. Mpasuko wa ukubwa wa punje ya mchele unatosha kuifanya ikataliwe. Muhuri, wino, namba ya simu iliyoandikwa pembeni: itakataliwa. Iliyogandishwa kwa utepe ni mbaya zaidi, bora angeiacha ilivyo. Noti ya dola 1 karibu hakuna anayeitaka. Mgeni hukasirika, "lakini ni pesa halali!" Ndiyo, mama, ni halali. Ila kambisti, yaani mbadilisha pesa, haangalii sheria, anamwangalia atakayempa noti hiyo jioni; kama huyo ataikataa, na yeye anaikataa sasa.

Tiba ni ya nyumbani: noti zisafiri zimelala katikati ya kitabu, zisikunjwe kwenye mkanda wa kiunoni ambako jasho na mkunjo huzimaliza. Mashine za benki nazo hutoa dola, na zinazotoka huko ziangaliwe vilevile kabla ya kuondoka mlangoni. Kwa basi na teksi za kuchangia, aombe faranga ndogo, noti za 500 na 1,000. Ukimpa dereva 20,000 saa moja asubuhi hana chenji, na pale hujagombana na utalii, umegombana na hesabu.

Kuhesabu ni mbele ya kambisti, noti moja moja, kabla ya kusogea hatua moja.

Saa 4:45

Wanafunzi wawili, ramani ya intaneti mkononi. Inaonyesha jina la barabara ambalo dereva hajawahi kulisikia. Watu hapa huelekezana kwa vitu vinavyoonekana. Kwa hiyo tunachora: nusu ya karatasi, posta katikati, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kituo cha gari la moshi, na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, ukingoni. Bomba hilo ndilo dira. Linaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, mchana hata mtoto atakuonyesha. Alama zisizidi tano. Ya sita inamchanganya mgeni, na ataishia kumpa motari (dereva wa pikipiki) karatasi nzima aisome mwenyewe.

Mishale ya kwenda iwe ya wino, ya kurudi iwe ya nukta. Wengi husahau ya kurudi.

Saa 5:30

Huja mgeni wa aina yake: mjukuu wa Mbelgiji, Mgiriki au Mwitaliano, mwenye picha ya nyumba iliyoandikwa nyuma "Elisabethville". Hilo ndilo jina la mji tangu ulipoanzishwa 1910 hadi ulipobadilishwa 1966. Anwani yake ni ya barabara iliyobadilishwa jina, pengine zaidi ya mara moja. Hatua: kwanza piga picha ya ile picha, asitembee na ya asili. Pili, tafuta kitu cha pembeni kisichohama, yaani mnara, reli au kanisa. Tatu, aende na mzee wa mtaa, na mzee ndiye abishe hodi. Mgeni akibisha peke yake na picha ya nyumba mkononi, wenye nyumba wanaelewa jambo moja tu: amekuja kudai. Hapo mlango haufunguki tena, hata aje na nani.

Wanaouliza Shilatembo, mahali alipouawa Patrice Lumumba tarehe 17 Januari 1961, wanaelekezwa njia ya Likasi, kwa gari la kukodi la kwenda na kurudi. Usiwaache kushuka kwenye basi huko bila uhakika wa usafiri wa kurudi.

Saa 6:30

Bukari (ugali) na sombe (kisamvu), kwa zamu. Meza haiachwi tupu.

Saa 8:00 mchana

Maporomoko ya Lofoi. Swali hili huja kila wiki, na karibu kila mara linakuja vibaya: "ni mbali kiasi gani?" Linalofaa ni "twende mwezi gani?"

Lofoi iko katika hifadhi ya taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa 1970 na kusimamiwa na ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mazingira. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja kutoka ukingo wa uwanda wa juu. Masika yanamwagika hasa, lakini njia ni tope na gari la jeep linazama. Kiangazi kikikomaa njia inakauka, na maji nayo yanakonda mpaka upepo unayatawanya kabla hayajafika chini. Mwezi wa 8 na wa 9 porini kunachomwa majani, moshi unatanda, picha zinatoka za kijivu. Ndiyo maana tunasukuma watu kwenye Mei na Juni: mvua imekwisha, njia inapitika, mto bado una nguvu. Na waje na sweta. Mji huu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Mgeni aliyeambiwa Kongo ni joto hulala na nguo zote.

Mgeni akishikilia kwenda, mambo yanapangwa kwa mfuatano huu: ruhusa ya ICCN mkononi kabla ya kulipia gari, jeep ya 4x4 yenye matairi mawili ya akiba, mafuta ya kwenda na kurudi yabebwe kwenye bidoni (madumu) tangu mjini, maji na chakula vya siku moja zaidi ya zilizopangwa. Makosa ya kawaida ni kulipa gari kwanza. Ruhusa ikichelewa, gari linaendelea kuhesabu siku.

Saa 9:20

Malakiti, jiwe la kijani la mapambo. Jiwe la kweli ni zito kuliko linavyoonekana, ni baridi ukiligusa shavuni, na mistari yake ya kijani haifanani miwili. Mistari iliyo sawa kama ya kitenge, jiwe jepesi, lenye joto la mkono: ni plastiki. Si gumu, chuma kinalikwaruza. Lifungwe kwa nguo, lisichanganywe na funguo. Kilichochongwa, chukua risiti. Jiwe ghafi ni madini na lina sheria zake, usilipakie kwenye sanduku kwa kutumaini. Pembe za ndovu, hata bangili ndogo, usiguse.

Saa 10:00

Picha: askari, uwanja wa ndeke, majengo ya serikali, hapana. Migodini hakuna kuingia bila barua ya kampuni yenyewe. Kurefusha viza ni kazi ya DGM, idara ya uhamiaji, si yetu. Haya matatu yako kwenye karatasi ndogo mlangoni, na bado yanaulizwa.

Saa 10:30

Tunafunga. Ukurasa wa nyuma wa daftari ni wa maswali yaliyokosa jibu, kila moja na jina la hoteli ya aliyeuliza ili apelekewe kesho. Leo ni matatu: kama gari la moshi litabeba abiria wiki hii; kama makumbusho yanaweza kupokea wanafunzi 60 kwa pamoja au wagawanywe; na fundi wa miwani aliye karibu na posta.