Silia katika matamvua ya kome wa ziwani

Jumamosi nilikata kipande cha tamvua la kome niliyemwokota ufukweni Entebbe, nikakitazama kwa hadubini kikiwa katika tone la maji ya ziwa. Kilitetemeka kama shamba la mpunga linalopitiwa na upepo, kwa sababu silia, yaani vinyweleo vidogo mno vya seli, hazipigi kwa pamoja, bali kila moja huchelewa kidogo nyuma ya jirani yake.

Silia za ubavuni huvuta maji yapite kati ya nyuzi za tamvua. Nyingine, zilizo kwenye kona za uzi, hunasa chembe za mwani, na zile za mbele huzisukuma hadi kwenye mfereji wa chakula uendao mdomoni. Nilinyunyiza unga wa mkaa (wa jikoni, sina mwingine), nao ukasafiri kwa mstari mmoja.

Ndani ya kila silia mna mirija 2 katikati na jozi 9 zinazoizunguka, ambazo protini iitwayo dainini, kwa nishati ya ATP (kemikali inayobeba nishati ndani ya seli), huzitelezesha zikipishana mpaka silia ikapinda. Kipande changu kiliendelea kupiga muda mrefu baada ya kukatwa, kwani mapigo yenyewe hayangoji amri ya neva.