Siku moja Guangzhou na fundi milango wa Unguja

Saa 12 asubuhi. Meseji zimeniamsha hapa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, China. Dar ni saa 7 usiku, lakini mwenye mzigo baharini halali. Leo nina mteja mmoja tu: mzee fundi milango wa Mji Mkongwe, amekuja kununua mashine za CNC, zinazochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Mimi ni mkalimani wake, na kontena nitalifuatilia mimi.

Saa 2. Wakantoni, wenyeji wa hapa, wakisema “kunywa chai” wanamaanisha kula, kama sisi tu. Mzee kaambulia chai kavu, maana karibu kila kilichopita mezani kilikuwa na nguruwe. Nikamfundisha kugonga meza kwa vidole viwili akimiminiwa. Ndiyo asante yao.

Saa 4, kwa muuza mashine. Ua la yungiyungi likatokea ubaoni mzee akiwa bado anafuta miwani. “Mbili,” akasema.

Saa 6 na nusu, adhuhuri msikiti wa Huaisheng. Mnara wake una mita 36. Mnara mpya wa jiji una 600.

Saa 9 nikampeleka Enning Lu, hakuniomba. Barabara hii ni ya 1931, na nyumba zake ni za qilou: ghorofa ya juu imetoka mbele, imefunika njia ya miguu, huloi wala huungui jua. Mwaka 2006 mtaa ulipangiwa kubomolewa, wakazi wakapinga. Miaka kumi baadaye sehemu yake iitwayo Yongqing Fang ikakarabatiwa badala ya kuvunjwa: kuta za matofali ya kijivu zikabaki, ndani kukaingia vyuma, kahawa na wapiga picha. Mimi napapenda, lakini kila nikija nahesabu kamba za nguo zilizoanikwa. Leo nimeona mbili.

Mzee hakutazama kahawa. Alisimama mbele ya tanglong, mlango wa fito nene za mviringo zilizolazwa kama ngazi, unaoteleza kando. Ukifungwa, upepo unaingia na mwizi anabaki nje. Akahesabu kwa kidole: 13. Nikamwambia fito huwa witiri daima, shufwa ni nuksi. Akacheka, akapitisha ukucha kwenye maungio.

“Huu umechongwa juzi, mwanangu. Wa zamani kaununua nani?”

Nikamuuliza muuza feni aliyekaa kizingitini. Hajui. Yeye mwenyewe huja kwa treni kila asubuhi, saa nzima. Nikatafsiri. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za kwao.

Saa 1 usiku tuko kwa Waislamu wa Lanzhou, tambi za kuvuta kwa mkono. Mzee amemtumia mwanawe picha ya ule mlango. Jibu likaja papo hapo, akanisomea: “Baba, mashine inaweza kutoa huo?”

Akaifunika simu mezani, akaniomba pilipili. Ankara ya mashine mbili iko kwenye mkoba wangu, haijasainiwa.