Daladala Tatu na Chupa ya Rangi ya Kucha

Matajiri wenzangu wa gari wana wasia mmoja: "Gari haiguswi mpaka ilale njiani." Niliufuata, na gari ikalala. Saa moja asubuhi, Maruhubi hapa Unguja, abiria wamejaa mpaka mlangoni, na mama mmoja wa makamo akaniambia mbele za watu, "Baba, kama huna uwezo wa gari, uza ndizi." Wasia ule sikuusikiliza tena.

Leo nina gari tatu njia ya 502, Darajani na Bububu, na tangu Ramadhani ya mwaka juzi hakuna iliyotulaza njiani, ukitoa pancha. Maarifa yenyewe nimeyatoa kwenye treni. Najua, kisiwani hakuna treni. Lakini ilikuwepo: kuanzia 1905 ilitoka mjini karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, kama kilomita 11, ikachukua abiria hadi 1922. Kwa hiyo 502 ni mjukuu wake.

Mie treni nilizijulia bara, nilikokuwa msaidizi wa fundi kwenye karakana ya treni za mjini. Karakana ile inaishi kinyume na watu. Asubuhi na jioni, watu wakienda kazini na kurudi, iko tupu, kila behewa liko njiani. Mchana, abiria wakipungua, baadhi ya treni zinarudi kufagiwa na kutazamwa juu juu. Kazi hasa ni ya usiku: treni inasimama juu ya shimo, fundi anapita chini yake na tochi akitazama breki, springi na viungio, na mezani kuna daftari ambamo dereva ameandika kilichomkera kutwa. Na siku zote kuna treni moja imekaa pembeni, haifanyi kitu. Mgeni huiona hasara, mpaka alfajiri moja nyingine ikatae kuwaka.

Gari ya akiba sikuiweza, nani ana pesa ya kununua gari ikae? Nikaiba ile ya mchana: saa nne mpaka saa nane gari moja inarudi nyumbani kwa zamu. Shimo nililichimba ubavuni mwa nyumba, laki tatu na kitu, mbao sikuhesabu. Daftari madereva walilinunia wiki nzima. Mmoja aliandika "gari nzima mbovu", basi.

Kosa langu lilikuwa nyundo. Kwenye treni tulikuwa tunagonga magurudumu: zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. Nikasema na mie nigonge. Saa sita za usiku nimechuchumaa na nyundo, sikio kwenye rimu, nagonga moja baada ya moja. Kumbe gurudumu la treni ni chuma kitupu, na rimu ya daladala imekumbatiwa na mpira! Niko kwenye gari ya pili, nikaona tochi inakuja. Sheha, kiongozi wa mtaa.

"Bwana, unafanya nini? Watoto wana mitihani."

"Nasikiliza tairi, sheha."

"Zinasemaje?"

"Zote zinasema du."

Akaondoka bila kuaga. Mpaka leo akiniona huniuliza hali ya tairi kwanza, ya watoto baadaye.

Lililofaa ni dogo zaidi. Boliti za treni, zikishakazwa, hupigwa mstari wa rangi, nusu kwenye nati na nusu kwenye chuma cha pembeni. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na unauona huku wewe umesimama. Rangi sikuwa nayo, nikachukua chupa ya rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Futa mafuta kwa petroli kwanza, la sivyo itabanduka kabla hujafika Mtoni. Makonda Darajani wakacheka: "Gari ya bibi harusi hiyo!"

Siku ya tisa, tairi ya nyuma kushoto, mistari miwili imekatika. Nikatia spana, nati mbili zinazunguka kwa vidole. Gari ile alfajiri ingebeba wanafunzi. Nilikaa chini ukingoni mwa shimo, sikusema kitu mpaka adhana.

Sasa niko chupa ya tatu. Mke wangu amejinunulia yake ya buluu iliyoiva, makusudi, kwa kuwa amenisikia nikisema ile haionekani kwa tochi.