Siku Mbili Somerset na Mama, Kuifuata Jibini Kwao

Mama yangu amefuga ng'ombe Muheza kwa zaidi ya miaka ishirini, na maziwa yake hupelekwa kila asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia, kisha husafirishwa hadi kiwandani Tanga mjini. Kwa hiyo alipokuja kunitembelea Reading, Uingereza, mwezi Septemba na kunikuta jikoni nikikata jibini ya Cheddar ya dukani, ile ya njano inayofungwa kwa plastiki, hakuuliza ina ladha gani, bali aliuliza huyo Cheddar ni nani. Nilimweleza kwamba Cheddar si mtu, ni kijiji katika mkoa wa Somerset, na kwamba safari yake haizidi nusu siku. Alivua miwani akasema, "Basi twende, mwanangu, tukawaone ng'ombe wao."

Tuliondoka Jumamosi kwa treni hadi Bristol, kisha tukapanda basi lililotuvusha vilima vya Mendip na kutushusha Wells, ambako tulilala. Tangu miaka ya 1960 Wells haina tena kituo cha reli, na wakazi wake ni elfu kumi na kidogo tu, yaani hawafiki hata kata moja ya mjini kwetu, lakini huitwa jiji kwa sababu ya kanisa kuu lake. Siku hiyo ilikuwa ya gulio, nasi tukapoteza saa nzima penye meza za plamu, matufaha na mayai, kwa kuwa mama haoni sababu ya kupita mbele ya bidhaa bila kuuliza bei, hata kama hana nia ya kununua. Chakula cha mchana kilikuwa kiazi kizima kilichookwa na ganda lake, kikapasuliwa katikati na kujazwa jibini iliyoyeyuka. Nyama tuliiacha kwa kuwa hatukuwa na hakika na uchinjaji wake. Mama alikisifu kiazi, ingawa aliitafuta pilipili kwa macho mpaka mwisho wa sahani.

Ndani ya kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza karne ya 12, jicho la kila anayeingia huvutwa kwanza na matao makubwa yaliyo katikati, moja limesimama wima na jingine limepinduliwa juu yake, mfano wa mkasi uliofunguliwa. Wageni wengi hudhani ni pambo. Ukweli ni kwamba mnara ulikuwa umeanza kuzama na kupasuka, ndipo kati ya mwaka 1338 na 1348 fundi mkuu William Joy akayajenga matao hayo ili kuutegemeza, na mpaka leo haujaanguka.

Hata hivyo mama hakukaa sana kwenye matao. Kilichomshika ni saa ya ukutani ya mwaka 1390 hivi, ambayo uso wake una saa zote 24 kwa mzunguko mmoja, na kijua cha dhahabu kinachozunguka taratibu kikiwa juu kabisa wakati wa adhuhuri na chini kabisa usiku wa manane. Nilipomfafanulia, alitikisa kichwa kwa kuridhika: saa sita yetu wao wameiita kumi na mbili, lakini angalau jua wameliweka mahali pake. Kila robo saa wapanda farasi wa mbao hutokea juu ya saa hiyo wakizunguka na kupigana, na mmoja wao, yuleyule siku zote, hupigwa akalala chali juu ya farasi wake, huku sanamu ya mtu aliyeketi kando ikigonga kengele kwa visigino. Mama alisubiri robo saa tatu mfululizo. Mara ya tatu alimwonea huruma yule mpanda farasi kwa sauti, na bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa karibu alicheka bila kuelewa hata neno moja.

Nje kidogo, kwenye Jumba la Askofu lililozungukwa na handaki la maji, mabata maji weupe wamefundishwa tangu karne ya 19 kuvuta kamba ya kengele wanapotaka kulishwa. Sisi hatukuwaona wakivuta, pengine walikuwa wameshiba. Jioni tulikunywa chai na skoni zilizopakwa jemu na malai mazito yanayotengenezwa kwa kupasha krimu polepole kwa saa nyingi hadi uso wake ugande. Watu wa mkoa wa Devon hupaka malai kwanza na wa mkoa wa Cornwall hutanguliza jemu, na ugomvi wao huo haujapata msuluhishi. Mama alivila vyote viwili mbalimbali, kwa kijiko.

Jumapili niliisoma vibaya ratiba ya mabasi, nikatazama safu ya siku za kazi, na tukasimama kituoni kwa dakika hamsini katika manyunyu. Kosa lilikuwa langu na nilikumbushwa hivyo mara kadhaa. Lakini basi lilipofika Cheddar na barabara kuingia ndani ya korongo, manung'uniko yalikatika yenyewe, maana kuta za mawe ya chokaa hupanda pande zote mbili hadi mita 137, na mbuzi wasiofugwa na mtu husimama kwenye kingo ambako huoni pa kuweka kwato. Nilimwacha mama penye benchi nikapanda ngazi 274 za kufika juu. Mandhari ni nzuri. Magoti yangu yana maoni mengine.

Chini ya kuta hizo kuna pango la Gough, ambamo mwaka 1903 yalipatikana mifupa ya mtu aliyeishi takriban miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba vinasaba vyake vinaonyesha yaelekea alikuwa na ngozi nyeusi au ya kahawia iliyokoza, nywele nyeusi na macho ya rangi nyepesi. Mama aliitazama picha yake kwa muda, akasema anafanana na mjomba wangu. Jambo lililomshangaza zaidi ni jingine: vinasaba hivyohivyo vinaonyesha kwamba mtu huyo, alipokwisha kuwa mtu mzima, hakuweza kuyeyusha maziwa tumboni. Mwenyeji huyo wa kale wa Cheddar hangeiweza jibini ya Cheddar.

Na jibini yenyewe imo mlemle pangoni, nyuma ya wavu, magurudumu yaliyovikwa kitambaa yakiwa yamepangwa kwenye rafu, kwa sababu baridi ya humo ni ileile kiangazi na kipupwe, nyuzi 11 hivi, na unyevu ni wa kutosha. Ni mtengenezaji mmoja tu aliyebaki kijijini. Jina la Cheddar halikuwahi kulindwa peke yake, ndiyo maana hutengenezwa hata Marekani na Australia. Kinacholindwa kisheria ni jina refu la ile ya mashambani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, ambayo sharti itokane na maziwa ya mikoa minne ya huko na ikae isiyopungua miezi tisa.

Dukani mama aliuliza maswali kama mkaguzi, nami nikatafsiri. Alitaka kujua maziwa yakishaganda hufanywa nini, akaambiwa hukatwakatwa, maji yake huchujwa, kisha yale mabonge hukatwa vipande bapa ambavyo hupangwa kimoja juu ya kingine na kugeuzwa mara nyingi ili yajikamue kwa uzito wake yenyewe, na hapo ndipo husagwa, hutiwa chumvi na kushindiliwa kwenye kalibu. Tuliuliza pia kuhusu mafuta ya nguruwe, ambayo kwa desturi hupakwa juu ya kitambaa, na kuhusu kimeng'enya cha kugandishia, kama kimetoka tumboni mwa ndama au la. Asiyekula vitu hivyo asione haya kuuliza, kwani wauzaji wamezoea. Tulichukua kipande kisichokuwa na kimojawapo. Kilikuwa kikavu kidogo, chenye ukali unaochelewa kufika, na ndani yake zilikuwamo chembe ndogo zilizovunjika menoni kama chumvi ya mawe.

Ndani ya basi la kurudi mama aliomba kalamu. Tuliambiwa kwamba kilo moja hula kama lita kumi za maziwa, na gurudumu zima lina uzito wa kilo 26 hivi, kwa hiyo alipiga hesabu nyuma ya tiketi akitumia ng'ombe wake wawili, lita nane nane kwa siku.

"Siku kumi na sita," alisema hatimaye, "na hapo hatujanywa chai."