Lenzi ya usiku wa taarab

Taarab imekwisha, nimerudi nyumbani, picha bado zinaingia kwenye kompyuta moja moja. Usiku wa leo umenithibitishia jambo ambalo nimekuwa nikilisema kwa muda mrefu: gizani, hela ya kwanza iende kwenye lenzi, kamera ingoje.

Ngome Kongwe usiku ni pagumu. Wakati wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza hapa Unguja mwaka 2004, jukwaa hupata taa kubwa. Usiku wa taarab wa kawaida taa ni chache, na fundi anapenda zambarau na nyekundu. Zile kuta za mawe zilizojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 hazirudishi mwanga hata kidogo. Flashi siitoi kwenye mkoba. Inamuumiza macho mwimbaji, inawakera waliokaa, na inaifuta rangi yote ya jukwaa.

Kijana aliyesimama kando yangu alikuwa na zumu, yaani lenzi ya kuvuta vitu karibu, ya 70-300 (namba ikipanda ndivyo inavyovuta zaidi), ile inayoanza na f/4. Ukivuta mpaka mwisho, tundu la kupitishia mwanga linajibana hadi f/5.6; namba ya f ikikua, tundu linapungua. Kila akimvuta mwimbaji karibu picha inamtia giza, na lenzi inahangaika mbele na nyuma kutafuta fokasi. Akaniuliza, "Dada, ninunue kamera gani?" Nikamwambia, "Baki na hiyo hiyo mdogo wangu, tafuta lenzi."

Yangu ni 70-200 ya f/2.8, na tundu lake halibadiliki kutoka 70 mpaka 200. f/2.8 inapitisha mwanga mara 4 ya f/5.6. Maana yake, pale ambapo yeye analazimika kupanda hadi ISO 12800 (ISO ni kiasi kamera inavyoukuza mwanga), mimi natulia kwenye 3200 na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ni ile ile, 1/250 ya sekunde. Tofauti hiyo naiona usoni mwa watu. Ngozi nyeusi chini ya taa hafifu ina rangi nyingi, ina kahawia na dhahabu na hata buluu kwenye vivuli, na ISO ikipanda mno vyote hivyo vinageuka chembechembe. Bibi aliyejipamba na kuvaa kanga mpya ili aje kuimba anastahili kuonekana alivyo.

Uzito wake ni karibu kilo moja na nusu, na bega linajua. Zipo za f/4, nyepesi na za bei nafuu, ila zinakunyima nusu ya mwanga huo. Ipo pia 85 ya f/1.8, isiyovuta, ndogo na yenye mwanga zaidi. Ningeichukua kama ningeweza kutembea. Lakini kwenye taarab watu wamekaa na mbele wamejaa akina mama, huwezi kuwakatiza kila dakika. Unachagua pembe moja, unabaki hapo, lenzi ndiyo inayotembea.

Leo mama mmoja aliinuka kwenda kutunza. Alikwenda taratibu, akifuata mdundo wa dumbak, noti ameishika juu. Kwenye 70 niliwapata yeye, mwimbaji na wapiga fidla nyuma yao. Nikavuta hadi 200, noti ikawa inaingia kiganjani na vidole vya wote wawili vimegusana. Yote hayo ni sekunde chache, hakuna nafasi ya kubadilisha lenzi. Hapo fokasi haitaki mchezo: kwenye 200 na f/2.8, mtu akiwa mita 5, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 10 tu. Ukilenga pua ya mtu aliyegeuka upande, jicho limekwenda.

Kizuia mtikisiko kinasaidia mkono wangu, hakimsimamishi mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Vidole vyake vya shahada, vilivyovishwa pete za kupigia, vilihitaji 1/500. Mwimbaji aliyeshikilia sauti ndefu alitoka vizuri hata kwenye 1/160. Michirizi ya taa za LED ikitokea nashuka hadi 1/100, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na 1/100 inameza mpepeso mzima. Na kila kitu napiga kwa faili ghafi, ambayo kamera haijaichakata. Nyekundu ikishaungua kwenye JPEG, faili ambayo kamera imeshaichakata na kuibana, uso hauokoki.

Mpya ni ghali, najua. Yangu ni ya mkono wa pili. Kwetu pwani adui mkubwa ni kuvu inayoota ndani ya lenzi, kwa hiyo nenda na tochi, fungua vifuniko vyote viwili, mulika upande mmoja uchungulie wa pili. Ukiona utando kama nyuzi za buibui, rudisha. Zungusha pete ya zumu usikie kama inakwama, kisha funga lenzi kwenye kamera yako mwenyewe upige f/2.8 kwenye 200, ukilenga maandishi madogo. Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka.