Kofia kwenye friza

Leo zimetimia siku 14. Kofia imetoka kwenye friza, ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ilikokuwa imebanwa kati ya changu na sambusa. Mke wangu amevumilia, ila jana aliniuliza kama huyo afisa atakula futari nasi.

Ni kofia ya kaki ya afisa wa jeshi la Uingereza, niliyoinunua mnadani hapa Birmingham. Nondo wameila ubavuni. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili huua viwavi na mayai yao. Matundu nitayashikiza kwa uzi mwembamba, sitayaficha.

Beji yake sitaigusa. Hilo nimejifunza kwa aibu. Zamani nilipata beji ya afisa, ya bronzi, ina rangi ya kahawia iliyofifia. Nikaona uchafu! Nikaisugua kwa dawa ya shaba jioni nzima mpaka ikang'aa kama sinia la harusi. Kumbe rangi ile ilitiwa kiwandani makusudi, afisa aliyevaa kaki asimetemete mbele ya adui. Beji za shaba za askari wa chini ndizo zilizosuguliwa kila asubuhi. Muuzaji alipoiona hakunisema, alicheka tu. Bado ninayo, inang'aa droo nzima.

Siku hizi, nikitaka kujua umri wa beji, naanza na taji lililo juu yake. Matao yake yakipanda na kufanya mviringo, naelekea zama za wafalme, kabla ya 1952. Yakibonyea katikati, mara nyingi ni la Malkia Elizabeth wa Pili. Lakini Mfalme Charles naye amechagua lile la mviringo, kwa hiyo beji ya juzi inaweza kumhadaa mgeni wa mambo haya.

Ndugu zangu wa Tanga hunishangaa: vitu vya wakoloni vya nini? Sina jibu la kuwatosha. Babu zetu waliokuwa Keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles, walizipigia saluti kofia hizi miaka na miaka, wakiziona kwa nje tu. Mimi napenda kuzigeuza. Ndani ya hii, kwenye mkanda wa ngozi, kuna doa jeusi la jasho pale penye paji la uso. Sitalisafisha hilo pia.

Mfuko sijaufungua. Nikiufungua ungali baridi, unyevu utatua kwenye sufu. Mpaka kesho jioni.